Uhudumu wa afya mwaka mmoja, kozi fupi au stashahada ya uuguzi?

TabataMawenzi: Wakuu, mdogo wangu kamaliza kidato cha nne: Biolojia C, Kiswahili C, Kemia D, Kiingereza D, Fizikia F. Anataka kazi ya wodini hapa hapa Dar. Aanzie wapi kati ya hizo tatu?

NesiTemeke: Stashahada kwa matokeo hayo haingii. Zinatakiwa angalau D nne zisizo za masomo ya dini, na Kemia, Biolojia na Fizikia lazima ziwemo. Kama nia yake ni unesi, arudie Fizikia Novemba kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mhudumu anaogesha, analisha, anatandika, anasafisha. Sindano na dawa ni za mwenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga.

MzeeWaZamu: Basi mwaka mmoja. Matangazo ya serikali ya Mhudumu wa Afya daraja la II hutaka kidato cha nne na mafunzo ya mwaka mmoja kutoka chuo kinachotambuliwa. Cheti cha kozi fupi ya miezi mitatu hakifiki huko. Kabla ya kulipa ada ahakikishe chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, aulize mafunzo kwa vitendo ni wiki ngapi na hospitali ipi. Wakishindwa kuitaja, aondoke.

BintiMzizima: Kozi fupi inafaa kwa kuhudumia wazee majumbani, mradi wafundishe kwa mikono. Mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, na watu wawili wamwinue kwa shuka, wasimburute: ngozi ikikwaruzana na godoro, kidonda huanzia makalioni na visiginoni. Akihamishiwa kitini, kiti kikae upande wake wenye nguvu, breki zifungwe kwanza.

NesiTemeke: Na usalama wodini aujue. Jiki ya kuua vijidudu, kutoka klorini 3.5% kuwa 0.5%: sehemu moja jiki, sita maji, na ichanganywe upya kila siku. Isikutane na dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya sumu. Boksi la sindano zilizotumika lifungwe likifika robo tatu. Wanaoshindilia ndio wanaochomwa. Chanjo ya homa ya ini B aianze sasa, maana dozi ya tatu huja miezi sita baada ya ya kwanza.

TabataMawenzi: Akimaliza huo mwaka, ataweza kuunganisha uuguzi?

MzeeWaZamu: Cheti cha uhudumu hakifuti ile F, ndugu yangu. Ajisajili mtihani wa Fizikia huku akisoma.