Pikipiki haiwaki asubuhi: ni betri au chaji?

Asalaam aleikum jamaa zangu, hasa mafundi na wenzangu wa boda. Naomba ushauri.

Nina pikipiki ya cc 150, kazi yangu ni Malindi mjini hadi Mambrui. Wiki ya pili sasa, asubuhi nikibonyeza stata inalia tik-tik-tik, taa inafifia, basi. Kiki mara nne tano ndiyo inawaka. Juzi kiki nayo ikagoma, ikabidi niisukume. Abiria wangu, mama wa watu, kashika kikapu chake cha samaki ananicheka tu.

Betri ni ya volti 12, ina miezi saba. Vichwa vyake vilikuwa na unga wa kijani (hewa hii ya chumvi!), nikasugua, nikakaza nyaya. Nikaichaji usiku kucha ikasoma 12.7. Siku mbili tu, tumerudi palepale. Na injini ikiwa inanguruma, hata nikivuta mafuta, mita ya volti inabaki 12.3, haipandi.

Fundi wangu ataka ninunue betri mpya. Mimi nashuku rektifaya (kile kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri), maana ikichaji sawasawa yafaa ifike 14 hivi. Nianze na kipi? Na nitapimaje rektifaya na koili ya chaji (ile inayozalisha umeme ndani ya injini) kabla sijatoa pesa?