Kumpeleka mzee madukani katikati ya München

Dada yangu,

Salaam kutoka Mikindani, ninakomalizia likizo. Nimesoma swali lako kuhusu mama yako, ambaye atatoka Lindi mwezi wa Desemba baada ya kuuza korosho zake, naye anataka kununua koti na viatu vya wajukuu katika mtaa mkubwa wa maduka wa München, Ujerumani. Mwaka jana nilimpeleka mama yangu mdogo katika mtaa huo huo, na leo asubuhi nimekaa naye barazani nikamwomba anikumbushe yaliyomchosha, ili nisikuandikie niliyoyaona mimi peke yangu.

Mtaa wenyewe ni Neuhauser Straße ikiungana na Kaufingerstraße, kuanzia lango la kale la Karlstor hadi uwanja wa Marienplatz. Haufiki kilomita moja, na tangu mwaka 1972, miezi miwili hivi kabla ya mji huo kuandaa Michezo ya Olimpiki, umekuwa wa waendao kwa miguu. Treni hupita chini ya ardhi na zina vituo katika ncha zote mbili, kwa hiyo watu huibuka huku na huku kutwa nzima, na umati haupungui. Kwa mama aliyezoea kwenda na kurudi shambani kwa miguu, umbali huo si kitu. Kinachomchosha ni umati.

Mama mdogo alianza kwa kumwamkia kila mtu mzima aliyempita karibu, kama anavyofanya hapa Mikindani. Wachache walitabasamu, wengine hawakugeuka kabisa, na tulipofika katikati ya mtaa alinishika mkono wa koti akaniuliza kwa sauti ndogo kama amewakosea watu wale. Swali hilo liliniuma, kwa sababu ningeweza kumweleza mapema. Mwambie mama yako akiwa bado Lindi kwamba kimya cha njiani si dharau. Dukani ni tofauti: muuzaji husalimu, na mteja anapaswa kuitikia. Mfundishe maneno mawili tu, «Grüß Gott», nayo yatamtosha katika jimbo lote la Bavaria, ambako München ipo. Bei hazina mapatano, kwa hiyo asione haya kuondoka bila kununua.

Kuhusu siku, epuka kabisa Jumamosi za Desemba. Jumapili maduka hufungwa, vivyo hivyo tarehe 25 na 26, na siku za kawaida sheria huyataka yafunge saa mbili usiku. Nenda katikati ya juma, mfike kama saa nne asubuhi, mnunue kwanza kile kilichowapeleka, kisha saa tano msimame mbele ya Neues Rathaus, jumba la halmashauri ya mji lililopo Marienplatz. Kengele 43 za mnara wake hulia na sanamu 32 huzunguka na kucheza juu pale. Ndilo jambo ambalo mama mdogo bado analisimulia kwa majirani. Wakati huo soko la Krismasi huwa limejaza Marienplatz, na vibanda vyake huficha kila alama, kwa hiyo mkubaliane kwamba mkipoteana mtakutana Karlstor. Mwandikie namba yako ya simu kwenye karatasi aiweke mfukoni, hata kama ana simu yake.

Sasa suala la kodi, ambalo naomba ulisome kwa makini. Bei ya dukani ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 19 ndani yake, maana yake koti la euro 119 lina euro 19 za kodi. Mgeni anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kurejeshewa kodi hiyo, ikipungua ada ya wanaoishughulikia, iwapo ununuzi unazidi euro 50 na duka linatoa huduma hiyo, kwa sababu halilazimiki kuitoa. Anayestahili ni mama yako, si wewe unayeishi Ujerumani. Mimi sikulizingatia hilo: nililipa kwa kadi yangu, na muuzaji wa duka moja akaijaza fomu ya kurejeshewa kodi kwa jina langu na anwani yangu ya München. Kwenye uwanja wa ndege afisa wa forodha aliitazama fomu, akatazama pasipoti ya mama mdogo, akaturudishia vyote bila muhuri, na hakuwa na kosa. Kwa hiyo mama yako aende dukani na pasipoti yake, iwe katika mfuko wa ndani na si kwenye pochi, kwani katika umati ule wezi wa mifukoni wapo. Asome jina lake kwenye fomu kabla hamjaondoka. Siku ya safari bidhaa zioneshwe forodha kabla sanduku halijakabidhiwa kwa shirika la ndege, zikiwa hazijavaliwa, pamoja na risiti.

Risiti hiyo itunze pia kwa ajili ya viatu vya wajukuu. Wengi wetu hudhani kuna siku 14 za kurudisha kila kitu, lakini haki hiyo ni ya manunuzi ya mtandaoni. Kiatu kizima ulichokichagua dukani kikimbana mtoto, kubadilishiwa hutegemea utaratibu wa duka lenyewe, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Mwisho, asiondoke Lindi na kitenge na kandambili akitegemea kununua koti akishafika, kwa sababu baridi itampokea mlangoni pa uwanja wa ndege. Mama mdogo amelitoa sandukuni lile koti lililotuponyoka kodi yake, amelianika, na anasema atalipakia kwenye basi la Lindi mara utakapotuma namba ya simu ya mama.

Kaka yako wa Mikindani