Istanbul siku nne, niko peke yangu: nilale Sultanahmet, Taksim au Kadıköy?

Chumbageni
Wakuu habari za mchana. Nina safari ya Ujerumani mwezi Novemba na nimeamua kukatisha siku nne Istanbul niuone mji. Niko peke yangu. Nimeweka oda ya vyumba vitatu mtandaoni, bei zinakaribiana: kimoja Sultanahmet, hatua chache kutoka Ayasofya, ule msikiti wa kale; kimoja Taksim; kimoja Kadıköy, ng'ambo, upande wa Asia. Mwisho wa kufuta bila kukatwa hela ni Ijumaa saa sita usiku. Mliopita huko, nibaki na kipi? Natanguliza shukrani.

Kahawa Tungu
Taksim mkuu, hapo hakuna mjadala. Sultanahmet ikifika saa tatu usiku mnabaki wewe na paka. Taksim una barabara ya İstiklal, magari hayaingii, kuna ile tramu nyekundu ya kizamani, muziki hadi alfajiri. Mwanaume mzima uko peke yako, unalala katikati ya makumbusho unatafuta nini?

Nahodha Mstaafu
Mleta mada, umeandika aya nzima na hujasema kitu. Bajeti? Umri? Unafika siku gani ya wiki? Unataka kuona majengo, watu au maduka? Umewahi kutoka nje ya nchi? Atakayekushauri kabla ya kujua hayo anakusimulia safari yake mwenyewe.

Mzigo_Kkoo
Istanbul naingia mara nne kwa mwaka kufuata mzigo wa nguo. Mbona hakuna anayetaja mtaa wa Laleli? Vyumba bei poa, wauzaji wengine wanakusalimia "mambo vipi", na tramu ya T1 inapita hapo hapo. Kituo cha tatu unashuka Sultanahmet.

Kahawa Tungu
Mzigo, mara nne kwa mwaka. Ayasofya ushaingia?

Mzigo_Kkoo
Nimeiona kwa nje. Ni kubwa.

Fundi Saa
Kahawa Tungu usimpeleke mwenzako Taksim kwa maneno matamu. Ngoja niseme yaliyonikuta, mwaka wa nne sasa na mke wangu hajui.

Natoka İstiklal, saa mbili usiku, natembea zangu. Jamaa mmoja kavaa vizuri, rika langu, akaniomba kiberiti. Sivuti. Akacheka, akauliza natoka wapi. Kusikia Tanzania tu akataja Samatta, maana alishawahi kuchezea Fenerbahçe. Sasa mtu uko siku ya tatu hujaongea na binadamu zaidi ya kuagiza chai, halafu anatokea mtu anakutajia Samatta! Moyo si unafunguka wenyewe? Akasema naye ni mgeni, katoka Ankara kwa biashara, kesho anarudi, twende tukanywe moja.

Tukashuka ngazi, chini ya ardhi, taa nyekundu. Bia mbili. Hazijafika nusu wakaja akina dada wawili, hakuna aliyewaita, wakakaa. Mezani ikatua chupa ambayo sikuiagiza. Nikaomba bili. Ikaja imekunjwa vizuri kama kadi ya mchango wa harusi. Ukiigeuza kwa euro ilikuwa mia sita na ushee. Rafiki yangu wa Ankara akafoka kidogo, akatoa "nusu yake" kwa haraka ambayo hata mtoto angeshtuka, kisha akanitazama. Mlangoni wamesimama vijana wawili, mabega yamejaa fremu. Hawakunigusa hata kidole. Walinisindikiza tu hadi mashine ya kutolea hela, mmoja kulia mmoja kushoto, kama bwana harusi. Kadi ikatoa mia tatu ikagoma. Wakachukua hizo hizo, wakanipa mkono. Wakanipa mkono jamani!

Polisi sikwenda, aibu ilinishika. Nilipokuja kusoma ndipo nikajua mchezo huo ni wa miaka mingi na windo lao hasa ni mwanaume aliye peke yake. Kwa hiyo mimi nasema: ukiwa peke yako, Taksim ni ya mchana.

Kahawa Tungu
Pole sana mkuu, ila hapo usiisingizie Taksim. Ulikuwa na kiu. Mimi nilikaa wiki mbili pale sikupigwa hata shilingi.

Fundi Saa
Hukupigwa au hujajua kama ulipigwa?

Mvita wa Kale
Na wang'arisha viatu je? Hao wako kila upande, hata hapo Eminönü kwenye gati la feri. Anapita mbele yako, brashi inamdondoka. Wewe kwa heshima zako za Kiswahili unaiokota, unamwita. Anakushukuru mpaka unaona haya, anakaa chini akusafishie kiatu kama ahsante, kisha anakutajia bei. Mie nilikuwa nimevaa ndala, akaniacha.

Chumbageni
Naona mnanipeleka baa. Samahani, kosa ni langu sikujieleza. Mimi ni mama wa miaka 56, mwalimu wa historia, nimestaafu kwa hiari mwaka huu. Naenda kwa binti yangu Stuttgart, amejifungua. Istanbul nafika Jumamosi usiku, wiki ya mwisho ya Novemba, naondoka Jumatano usiku. Goti la kushoto linasumbua, ngazi nashuka kwa kuzihesabu. Bajeti si kubwa lakini nimeiwekea akiba.

Ninachotaka kuona ni hiki: kwa miaka 29 nimefundisha kuanguka kwa Constantinople, yaani Istanbul ya kale, mwaka 1453, ukuta nauchora ubaoni kwa chaki, mizinga naichora kama sufuria zimelala. Nataka nikauguse huo ukuta.

Kahawa Tungu
Shikamoo mwalimu. Yale ya muziki hadi alfajiri naomba yafutwe.

Fundi Saa
Shikamoo mama. Na mimi naomba yangu yote yafutwe.

Chumbageni
Marahaba wanangu. Msifute, nimecheka sana.

Nahodha Mstaafu
Sasa tunaongea. Mwalimu, umepatia siku lakini zina mitego. Jumapili soko kubwa la Kapalıçarşı limefungwa. Jumatatu kasri la Dolmabahçe limefungwa. Jumanne kasri la Topkapı limefungwa. Ukijipangia ovyo utagonga milango mitatu mfululizo. Ningekuwa wewe, Jumapili Topkapı, Jumatatu soko na msikiti wa Süleymaniye, Jumanne feri na ng'ambo, Jumatano Ayasofya na lile birika la chini, Yerebatan.

Na hilo la ukuta usije ukapotea: Topkapı ziko mbili. Kasri liko Sultanahmet, baharini. Kituo cha tramu kinachoitwa Topkapı kiko mbali huko magharibi, na ndicho cha ukutani. Watu wanashuka pale wanatafuta kasri, wanakuta barabara kuu na kuta. Wewe ndiko unakokwenda. Ni T1 hiyo hiyo, hubadilishi. Karibu na kituo kuna jumba la Panorama 1453, ndani ya kuba wamechora vita vyote vinakuzunguka, na ukitoka nje unakutana na ukuta wa Theodosius wenyewe, wa karne ya 5. Mizinga ya Sultan Mehmed II, aliyeuteka mji, iliupiga zaidi upande huo. Kwa sababu hiyo moja mimi nasema Sultanahmet, kwenye reli ya T1.

BintiMjiMkongwe
Shikamoo mwalimu. Nilisoma huko miaka miwili na Kadıköy ndiko nilikokaa, kwa hiyo nina upande. Sultanahmet kila anayekusemesha anauza kitu: zulia, ziara, chakula, manukato. Mwanamke peke yake utachoka kusema hapana. Kadıköy watu wana shughuli zao. Unanunua samaki sokoni, unakaa na chai yako, hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Kutoka gatini hadi madukani ni tambarare. Kuvuka kwa feri hadi Eminönü ni kama dakika 20 na chai inauzwa humo humo ndani. Kwangu mimi safari ile ya feri ilishinda makumbusho yote.

Nahodha Mstaafu
Binti, na kurudi je? Novemba ile jua linazama saa kumi na moja na nusu. Saa zao ni sawa na zetu, hivyo saa ya mkononi hagusi, lakini asubuhi saa mbili ndiyo kwanza jua linachomoza. Mama mwenye goti avuke bahari mara mbili kila siku, na mvua juu?

BintiMjiMkongwe
Kuna Marmaray, treni inayopita chini ya bahari tangu 2013.

Nahodha Mstaafu
Na kituo cha Sirkeci kimechimbwa chini kiasi gani? Zile ngazi za umeme ukishuka unaweza kumaliza juzuu. Siku zikigoma je?

BintiMjiMkongwe
Lifti zipo baba.

Kahawa Tungu
Kwa goti, Taksim nayo si mbaya kama mnavyodhani. Kutoka Karaköy kuna Tünel, kigari cha chini ya ardhi tangu 1875, London peke yake ndiyo iliyowatangulia. Kinakupandisha hadi mwanzo wa İstiklal bila hatua hata moja ya kilima.

Fundi Saa
Huyu bado anaiuza Taksim.

Mvita wa Kale
Bi Mwalimu, mie nasimama na Sultanahmet, na sababu yangu ni moja tu: adhana. Alfajiri mwadhini wa msikiti wa Sultan Ahmed anaanza, ananyamaza, wa jirani anampokea. Wanajibizana vile hadi mwisho. Hilo hulipati Kadıköy. Tena Ayasofya huna haja ya kulipa, ingia ukaswali tu.

Nahodha Mstaafu
Hujaambiwa kama mwalimu ni Mwislamu. Tangu Januari 2024 mtalii wa kigeni analipa euro 25 na anapelekwa ghorofani. Chini ni kwa wanaoswali.

Mvita wa Kale
Ni msikiti. Msikiti haulipishwi kiingilio.

Kahawa Tungu
Ulikuwa kanisa miaka zaidi ya 900, halafu msikiti, halafu makumbusho tangu enzi za Atatürk, rais wao wa kwanza, halafu msikiti tena 2020. Mimi naona wangeuacha makumbusho, kila mtu angeingia kwa mlango mmoja.

Mvita wa Kale
Wewe uliyetaka watu wakeshe na muziki leo unatupangia misikiti?

BintiMjiMkongwe
Jamani mbishane mkijua hata huko ghorofani ndiko kwenye picha za zamani za vipande vya mawe, na kwenye ukingo wa marumaru kuna jina Halvdan, inasemekana lilichongwa na askari wa Kiviking. Njia ya kale ya kupanda huko ni mteremko wa mawe unaozunguka, si ngazi, ila mawe hayako sawa, mwalimu chukua mkongojo. Na beba kanga doti moja. Misikitini kichwa kifunikwe, ipo mitandio ya kuazima, lakini kanga yako unaijua ilikotoka.

Chumbageni
Mwanangu, kanga nimeshaweka tatu. Mimi ni Mwislamu, lakini hizo picha za juu nazitaka, hivyo nitaswali chini siku moja na kulipa siku nyingine. Hebu niambieni, kadi ya makumbusho yote inafaa?

Nahodha Mstaafu
Kwa unavyotaka wewe, hapana. Ayasofya haimo, Yerebatan haimo. Lipa moja moja. Nunua Istanbulkart, kadi ya usafiri, kwenye mashine siku ya kwanza, tramu na feri vyote unagusisha hiyo. Lira usibadilishe nyingi kwa mkupuo.

Yerebatan nenda hata kama umechoka. Nguzo 336 zimesimama majini gizani, na mbili zimekalia kichwa cha Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nywele za nyoka, kimoja kimepinduliwa juu chini, kingine kimelazwa ubavu. Mafundi walihitaji jiwe la kujazia, wakachukua lililokuwepo.

BintiMjiMkongwe
Na kwenye kasri la Topkapı usiruke Harem, makazi ya wanawake wa Sultan. Kule ndani kuna ua wa matowashi weusi. Mkuu wao alikuwa miongoni mwa wakubwa wa dola. Hacı Beşir Ağa, aliyetolewa Uhabeshi akiwa mtumwa, alishika cheo hicho kuanzia 1717 hadi alipofariki 1746. Watu wanapita wakikimbilia vigae na chumba cha Sultan. Mimi nilikaa pale uani nusu saa, mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Chumbageni
Hilo la Beşir sikuwahi kulifundisha. Asante.

Mzigo_Kkoo
Kule ukutani mwalimu usiende peke yako jioni. Baadhi ya vipande vimepakana na vichochoro. Nenda saa nne asubuhi.

Kahawa Tungu
Mzigo umefika ukutani lakini Ayasofya hujaingia?

Mzigo_Kkoo
Basi la kwenda kiwandani Merter linapita huko.

Chumbageni
Nashukuru wote. Bado niko kati ya Sultanahmet na Kadıköy, ile feri imeniingia moyoni. Swali lingine: nimembebea binti dagaa wa Mwanza kilo mbili na unga wa muhogo. Siku nne hotelini hawatanuka? Na Ujerumani wanapita?

Mvita wa Kale
Dagaa wafunge mifuko mitatu, kisha ndoo yenye kifuniko. Mie niliwahi kubeba papa mkavu, mwenye hoteli aligonga mlango akidhani panya amefia ukutani.

Nahodha Mstaafu
Ulaya samaki wanaruhusu hadi kilo 20 kwa matumizi yako. Nyama na maziwa ndiyo marufuku. Usimwekee samli.

Chumbageni
Samli nimeshaweka.

BintiMjiMkongwe
Toa samli mwalimu. Tafadhali.

Mvita wa Kale
Mzazi mchanga bila samli? Watu wa wapi hawa?

Mzigo_Kkoo
Mwalimu, ukitoa hiyo samli begi linabaki na kilo ngapi? Kuna sampuli za madera nataka zifike kwa mtu wangu Laleli, hazizidi kilo tatu. Atazifuata mwenyewe, iwe Sultanahmet au huko ng'ambo.