Kusi imeshakaa sawa Paje? Nataka kurusha kaiti bila mwalimu kwa mara ya kwanza

Binti wa Kikwajuni

Assalaam alaykum. Mimi nasomesha skuli hapa Mjini. Kaskazi iliyopita nilijifunza kaiti, lile tanga la kamba linalomvuta mtu baharini juu ya ubao, huko Paje siku sita, mwalimu akinishika mkanda kwa nyuma. Kwenye ubao nasimama, kulia na kushoto naenda, lakini kubisha, yaani kupanda kuelekea upepo unakotoka, bado sijaweza. Nikianzia mbele ya mnazi huu, namalizia mbali chini ya upepo na kurudi kwa miguu.

Sasa nimenunua kaiti ya mtumba ya mita 9 kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Fedha yake nimeidunduliza miezi minane. Nina kilo 58. Jumamosi iliyopita nilipanda gari ya Jambiani, nikateremka Paje na begi langu. Upepo uligeuka mara tatu, ikaja mvua, na nilipotandika kaiti mbele ya hoteli moja mlinzi akanambia hapo si pahala pangu. Nikarudi nyumbani nimerowa, na nusura nilie ndani ya gari.

Likizo yangu inaanza mwanzoni mwa Juni. Upepo utakuwa umetulia? Niingie saa ngapi? Na wapi hasa nitandike bila ya kumuudhi mtu?

Nahodha wa Bwejuu

Wa alaykum salaam, mwalimu. Pole kwa Jumamosi, lakini hukukosea kitu. Mei ni tanga mbili: kaskazi imeshakufa, kusi haijatulia, na kila wingu la mvua linakuja na upepo wake. Hata mimi ninayefundisha kaiti mwaka wa kumi na moja sasa, mwezi huu wanafunzi nawaingiza kwa kuchagua siku. Ukiona wingu jeusi linapanda upande wa kusini, teremsha kaiti kabla halijafika, usingoje kuona litapita wapi.

Juni kusi huwa imeshika, na huendelea mpaka Septemba. Ila kuna jambo ambalo waliojifunza wakati wa kaskazi hulisahau. Paje inatazama mashariki. Ukisimama ufukweni macho baharini, kaskazi ilikuwa ikikupiga bega la kushoto na kukuchukua Jambiani. Kusi itakupiga bega la kulia na kukuchukua Bwejuu. Mwili wako umezoea kinyume chake. Siku ya kwanza utajikuta unageuza kaiti upande usio wake, kwa hiyo saa nzima ya mwanzo baki kwenye maji ya kiuno bila ubao. Irushe kaiti tu mpaka mikono izoee.

Mita 9 kwa kilo zako inafaa upepo wa noti (kipimo cha mwendo wa upepo) 16 mpaka 20. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitangaza upepo unaofikia km 40 kwa saa, hizo ni noti 21 na zaidi, nawe uko peke yako. Kaiti ibaki begini.

Na kwa kuwa ni ya mtumba, ijaze upepo nyumbani uiache saa nzima uone kama inalegea. Funga kamba zote nne kwenye msumari mmoja, zivute pamoja. Iliyozidi urefu hata kwa upana wa vidole vitatu itaivuta kaiti upande. Ile klipu ya kuachia kaiti kwa dharura ifyatue mara kumi ukiwa nchi kavu. Chumvi huigandisha, na siku utakayoihitaji hutakuwa na nafasi ya kuilazimisha.

Kijana wa Mbweni

Mimi ningesema aende asubuhi mapema, upepo mdogo, watu hawapo.

Nahodha wa Bwejuu

Hapana, kaka, kwa mtu asiyejua kubisha usimpe ushauri huo. Asubuhi mapema kuna umande, upepo wa nchi kavu, nao huivuta kusi ielekee nje. Kitu kikikatika, unapelekwa mwambani. Jua likishapanda, kusi inaegemea pwani, na ukianguka inakuleta mchangani.

Mwalimu, saa uzihesabu kwa mwezi. Mwezi ukiandama na ukifika siku kumi na tano ni bamvua, maji makubwa: maji yanakauka kiasi cha saa nne asubuhi, yanajaa saa kumi jioni, na kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Siku hizo ingia saa saba na nusu au saa nane, maji yako magotini na yanapanda. Toka kabla hayajameza mchanga wote, maana pa kuteremshia kaiti patakuwa hapapo. Mwezi ukiwa na siku nane maji ni mafu, madogo, na mchana kutwa yanatoka. Usiingie peke yako maji yakitoka.

Mama Mwani

Mwalimu, na mimi nikwambie la upande wetu. Nalima mwani Paje, na mama yangu alilima kabla yangu. Huku kilimo hiki kilianza 1989. Hayo maji ya magotini mnayoyapenda ndiyo yanayofunika vigingi vyetu. Huvioni, lakini vipo, na kamba zimefungwa baina yake. Mwaka juzi kaiti ya mgeni ilianguka ndani ya shamba langu, akaivuta kwa nguvu, akang'oa kamba kumi na moja. Mwani ule ulikuwa na wiki tano, umebakiza wiki moja kuvunwa. Hakuja hata kuniuliza jina.

Njoo siku za bamvua, saa nne asubuhi, maji yakiwa makavu. Tembea tukuoneshe shamba linaanzia wapi na kuishia wapi, ulitie alama kwa minazi ya pwani. Saa saba sisi tunatoka na magunia yetu, wewe unaingia. Kaiti ikiangukia shambani, achia, usivute, fuata kwa miguu.

Hapo mbele ya hoteli usihangaike napo. Pita njia ya wavuvi inayotoka kijijini, utakuta uwanja wa mchanga usio na minazi, wanapoanika nyavu. Waombe tu, hawakatazi.

Nahodha wa Bwejuu

Uwanja huo naujua, unatosha. Kamba zako kama ni mita 24, taka nafasi tupu mara mbili ya hapo upande upepo unakokwenda. Usirushe mwenyewe, mpate mtu wa kuishika.

Binti wa Kikwajuni

Nimetazama kalenda: likizo inaanza mwezi mwandamo ukiwa na siku kumi na mbili, basi nitangoja siku tatu, nije ukifika kumi na tano. Mama, saa nne nitakuwepo. Nikuletee nini kutoka Mjini?

Mama Mwani

Glavu za mpira, jozi mbili. Za huku zinapasuka upesi.

Nahodha wa Bwejuu

Saa saba na nusu nitashuka Paje nikushikie kaiti. Na ukiishia Bwejuu kama ulivyozoea, panda gari ya 324 urudi.