Mwasumini, mhina au mlangilangi: upi upandwe kwenye nafasi ndogo?

mpenda_kikuba (Unguja)
Salaam aleikum. Nafasi ni mita 3 kwa 2 kando ya ukuta, jua linapiga asubuhi hadi adhuhuri. Udongo ni mweupe, wa matumbawe, na maji ya kisima yana chumvi kidogo. Nataka harufu ya jioni na maua ya kutungia. Mwasumini, mhina au mlangilangi?

BustaniTanga
Kama kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, ndicho unachokitaka, mwasumini. Mlangilangi wa kawaida ni mti, ukiachiwa unapita mita 10. Usiuweke karibu na ukuta. Upo ule mfupi unaoishia mita 2 au 3, ila ni nadra kuzaa mbegu, kwa hiyo mche wake hutokana na tawi. Mhina unanukia, lakini vijiua vyake ni vidogo mno, uzi hauvishiki.

samadi_na_udongo
Mwasumini sawa, ila si kwenye udongo huo! Matumbawe ni chokaa, na chokaa hufunga madini ya chuma. Utaona majani machanga yamekuwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Hapo watu huzidisha maji, na wengine humwaga jivu. Jivu hufanya kazi ileile ya chokaa, kwa hiyo ndiyo unazidi kuumaliza mche.
Panda kwenye chombo cha lita 40, kitobolewe matundu matano upana wa kidole. Changanya udongo mwekundu mafungu 2, samadi ya ng'ombe iliyooza fungu 1, mchanga fungu 1. Mchanga uwe wa mto. Ule wa ufukweni una chumvi na vipande vya makombe, yaani chokaa tena. Juu tandaza makumbi, yasiguse shina.
Maji ya kisima chako yataunguza kingo za majani. Kinga maji ya mvua kila unapoweza, na mara mojamoja mwagia mpaka maji yatoke kwa chini kwa wingi, yasombe chumvi iliyojikusanya.

bi_mhina
Mnauonea mhina. Chokaa na ukame haviusumbui, na udongo huohuo mnaoulalamikia unautosha. Shida ni moja: maua hutoka kwenye ncha za matawi, kwa hiyo ukichuma majani ya kupaka kila mara hutapata ua hata moja. Panda miwili, mmoja wa majani, mmoja uachwe. Na usiuweke njiani, matawi makongwe huota miiba.

MwanaKisauni
Mche wa mwasumini si wa kununua, omba tawi kwa jirani. Chukua lililoanza kukomaa, si lile laini la kijani wala lenye gome gumu. Kata sentimita 12 hadi 15, liwe na vifundo vitatu, kisu kipite chini kidogo tu ya kifundo. Bakisha majani mawili ya juu, nayo uyakate nusu ili yasipoteze maji. Vifundo viwili viingie kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Mizizi huchukua wiki 4 hadi 6. Ukiuchomoachomoa kuangalia, unaikata.
Ule wenye maua yaliyokunjamana kama waridi dogo ni mzito kushika kwa pingili. Huo laza tawi likiwa bado kwa mama yake, kwaruza gome upande wa chini, fukia, kandamiza kwa jiwe.

mpenda_kikuba
Ahsanteni. Na ukistawi majani tu bila maua?

BustaniTanga
Ama jua halifiki saa 6 kwa siku, ama umeulisha urea au samadi mbichi ya kuku. Tumia mbolea ya NPK 17-17-17, kijiko kimoja cha chai kwa mwezi, mbali na shina, baada ya kumwagilia. Halafu pogoa, dada. Matumba hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo kila msimu wa maua ukipita kata theluthi ya kila tawi. Usipokata utabaki na fimbo ndefu zenye ua mojamoja juu.

jirani_Nairobi
Kwa tulio bara: baridi ya Juni na Julai huudumaza mwasumini. Sogeza chombo kwenye ukuta unaopata jua la mchana na upunguze maji, maana udongo baridi ukilowa mizizi huoza.

MwanaKisauni
Pindua majani kila wiki. Utando mweupe kama pamba ni vidung'ata. Futa kwa kitambaa, kisha puliza sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita, jioni jua likishapungua. Ukiona sisimizi wanapanda shina, washughulikie nao, kwani huwalinda vidung'ata kwa ajili ya utamu wao.
Matumba yachumwe baada ya alasiri, yakiwa meupe, yamejaa, hayajafumbuka. Ya kijani hayatafumbuka vizuri. Yafunge kwenye kitambaa chenye unyevu, na uyatunge kabla ya magharibi, maana likishafunguka petali huchubuka kwa sindano.

mpenda_kikuba
Basi mwasumini kwenye chombo, na mhina mmoja pembeni usiochumwa. Mlangilangi nimeuacha.