Mashabiki wa kriketi nchini Ireland: tatizo ni watu au ni mpangilio?

Mtazamaji wa Fingal aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Ninaishi kaskazini mwa Dublin, na kila kiangazi huenda kutazama kriketi Malahide, na mara nyingine Clontarf. Jambo linalonitatiza ni kwamba sifa ya timu ya taifa ya Ireland ni kubwa mno ikilinganishwa na idadi ya watu wanaojitokeza kuitazama. Hii ndiyo timu iliyoing'oa Pakistan kwenye Kombe la Dunia la 2007, tena siku ya Mtakatifu Patrick. Ndiyo iliyoishinda Uingereza mjini Bengaluru mwaka 2011, siku ambayo Kevin O'Brien alifikisha mikimbio (yaani alama za kriketi) mia kwa mipira 50 tu. Na tangu Juni 2017 nchi hii ni mwanachama kamili wa Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC. Hata hivyo, India ikija kiwanja hujaa, na ikija Zimbabwe unachagua kiti unachotaka. Mechi za majimbo kati ya Leinster Lightning, Northern Knights, North West Warriors na Munster Reds ndizo usiseme, kwa maana wengi wa waliopo ni ndugu wa wachezaji.

Je, ni kweli kwamba watu wa nchi hii hawaupendi mchezo huu, au kuna jambo ambalo Cricket Ireland, shirika linalosimamia kriketi nchini, inaweza kulifanya ili watazamaji waongezeke? Ningependa majibu ya watu wanaoufuatilia mchezo. Kauli ya kwamba kriketi inachosha tumeshaizoea.

Mzee wa Ova alijibu:

Ndugu Mtazamaji, kabla hatujapendekeza dawa, tuangalie historia, kwa sababu wengi hudhani kriketi ni mgeni aliyeletwa juzi na wahamiaji, au ni mchezo wa mabwana wa Kiingereza uliobaki nyuma walipoondoka. Katika karne ya 19 kriketi ilichezwa vijijini kote Ireland, na Kilkenny, kaunti ambayo leo ukiitaja watu wanawaza hurling, mchezo wa jadi wa fimbo na mpira, peke yake, ilikuwa na vilabu vingi vya kriketi vya wakulima na vibarua. Hata Michael Cusack, mmoja wa waanzilishi wa chama cha michezo ya jadi, GAA, kilichoundwa Thurles mwaka 1884, aliwahi kuwa mcheza kriketi.

Baadaye GAA iliweka kanuni ya kuwafukuza wanachama wanaojihusisha na michezo iliyoitwa ya kigeni, yaani kriketi, raga, soka na magongo. Zingatia kwamba kanuni hiyo haikuwagusa wachezaji tu. Iliwagusa watazamaji pia. Mwaka 1938 Rais wa nchi, Douglas Hyde, aliondolewa kwenye ulezi wa GAA kwa sababu alihudhuria mechi ya soka ya timu ya taifa. Ikiwa Rais aliadhibiwa kwa kukaa jukwaani, mkulima wa Tipperary angethubutuje kuonekana kando ya kiwanja cha kriketi? Kanuni hiyo ilidumu hadi 1971. Kwa hiyo kriketi haikukataliwa na watu kwa hiari yao. Vizazi kadhaa vilikatazwa hata kuitazama, na desturi ya baba kumpeleka mwanawe kiwanjani ikakatika kila mahali isipokuwa maeneo machache, kama vile kaskazini mwa Dublin, Belfast, na kaskazini magharibi katika kaunti za Derry na Tyrone.

Huko Tyrone ndiko kuna kijiji cha Sion Mills, ambako tarehe 2 Julai 1969 West Indies walitolewa wote kwa mikimbio 25. Wazee wa huko bado wanaisimulia, na kila mwaka idadi ya wanaosema walikuwepo inaongezeka.

Mweka Hazina alijibu:

Namheshimu Mzee wa Ova, lakini historia haiuzi tiketi. Raga nayo ilikuwa katika orodha ile ile ya michezo iliyokatazwa, nayo pia ina timu moja ya kisiwa kizima, lakini leo viwanja vyake vinajaa. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba furaha kubwa za raga zimetokea nyumbani, mbele ya macho ya watu, ilhali za kriketi karibu zote zimetokea mbali. Pakistan ilifungwa Kingston, Jamaika. Uingereza ilifungwa Bengaluru, na tena Melbourne mwezi Oktoba 2022. West Indies ilifungwa Nelson, New Zealand, mwaka 2015. Hata ushindi wa kwanza kabisa wa wanaume katika testi, yaani mechi ndefu ya siku kadhaa, dhidi ya Afghanistan mwezi Machi 2024, ulipatikana Abu Dhabi. Shabiki wa Ireland ameishi na timu yake kupitia televisheni, mara nyingi saa za usiku wa manane au alfajiri, na hakuna mtu anayekuwa mteja wa kudumu wa kitu asichoweza kukifikia.

Kwa nini hali iko hivyo? Sababu moja ni kwamba Ireland haina kiwanja cha kudumu cha kriketi cha hadhi ya kimataifa. Malahide, Castle Avenue kule Clontarf, Stormont mjini Belfast na Bready huko Tyrone vyote ni viwanja vinavyotumiwa na vilabu. Ukipita Malahide siku chache kabla ya mechi kubwa utaona malori yakishusha mabomba ya chuma, majukwaa yakifungwa, vyoo vya kukodi vikipangwa mstari kando ya uzio na minara ya kamera ikisimamishwa. Ukirudi wiki inayofuata utakuta nyasi zenye alama za njano pale majukwaa yalipokaa, na wanachama wa klabu wakicheza ligi yao. Gharama hiyo hurudiwa kila mara, na kwa mechi isiyo na soko kubwa la televisheni, kuandaa ni hasara tupu.

Matokeo yake ni ya ajabu. Mwezi Mei 2023 Ireland iliikaribisha Bangladesh, na mechi zikachezwa Chelmsford, Uingereza. Mwaka 2024 iliikaribisha Afrika Kusini, na mechi zikachezwa Abu Dhabi, ambako Ross Adair alipiga mikimbio mia na Ireland ikaishinda Afrika Kusini kwa mara ya kwanza katika T20, aina fupi ya kriketi ambayo kila timu hurushiwa ova 20, yaani mipira 120. Hebu fikiria ushindi kama huo ungetokea Clontarf siku ya Jumamosi, watoto wamejipanga kando ya kamba wakisubiri mpira wa sita, ule unaoruka nje ya kamba na kuleta mikimbio sita, uwaangukie.

Sababu ya pili ni kalenda, na hapa siilaumu hali ya uchumi, naulaumu mpangilio. Mwezi Julai 2024 Ireland ilicheza testi na Zimbabwe huko Stormont, testi ya kwanza kuchezwa Ireland ya Kaskazini. Wakihitaji mikimbio 158 ili washinde, walijikuta wamefikisha 21 huku wapigaji watano wameshatoka. Lorcan Tucker na Andy McBrine wakaiokoa timu, kila mmoja akivuka mikimbio 50, na mechi ikamalizika kwa ushindi wa wiketi nne, yaani wapigaji sita tu ndio waliokuwa wametolewa. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa testi ambao wanaume waliupata nyumbani, na ulipatikana Jumapili ya tarehe 28 Julai. Mnaikumbuka siku hiyo? Ndiyo siku Armagh ilipocheza fainali ya soka la Kigaelic dhidi ya Galway pale Croke Park, kiwanja kikuu cha GAA mjini Dublin, ikashinda. Kaskazini yote ilikuwa imehamia Dublin au imekaa mbele ya televisheni. Kupanga testi Belfast katika wikendi ya fainali hiyo ni sawa na kufungua duka la miavuli siku ya jua.

Tangu 2022 GAA imefupisha msimu wa kaunti, na fainali zake humalizika mwezi Julai. Agosti imebaki wazi. Pendekezo langu ni kwamba Cricket Ireland ingeichukua Agosti iwe yake, ichague Jumamosi zile zile kila mwaka, uwanja ule ule, hata kama mgeni ni mdogo. Watu hujenga mazoea kwa tarehe wanayoijua, si kwa tangazo linalotoka wiki tatu kabla ya mechi.

Fundi wa Wiketi alijibu:

Ninakubaliana na Mweka Hazina kuhusu Agosti, ila Jumamosi hapana. Mimi nacheza daraja la chini katika ligi ya Leinster, na wenzangu wengi katika timu ni Wahindi, Wapakistani na Waafghani. Sensa ya 2022 iliwaonyesha raia wa India kuwa kundi la tatu kwa ukubwa miongoni mwa wasio raia wa Ireland, baada ya Wapolandi na Waingereza. Hawa ndio wanaoielewa kriketi kuliko mtu yeyote nchini humu, na viongozi hulalamika kwamba wanakuja India inapocheza tu kisha wanapotea. Hakuna anayejiuliza wako wapi siku nyingine. Jumamosi na Jumapili wako uwanjani wanacheza wenyewe! Vilabu hucheza wikendi, mechi ya taifa huwekwa wikendi, na shabiki wa uhakika analazimika kuchagua kati ya timu yake na timu ya taifa. Hiyo si chaguo gumu kwa mtu aliyelipa ada ya uanachama.

Mechi za T20 ziwekwe Ijumaa saa kumi na moja jioni. Katikati ya Juni jua la Dublin huzama karibu saa nne usiku, na hata katikati ya Agosti kuna mwanga hadi karibu saa tatu, kwa hiyo mchezo wa saa tatu na nusu unatoshea bila taa, ingawa kwa Agosti hakuna muda wa kuchezea. Najua India ikija televisheni yake itadai saa tisa alasiri, kwa sababu huko kwao inakuwa saa moja na nusu jioni, na fedha hizo hazikataliki. Lakini Zimbabwe au Uholanzi ikija, hakuna sababu ya kuanza mechi wakati watu wako kazini.

Jambo jingine: mwaka 2022, pale Malahide, India walifikisha mikimbio 225 na Ireland wakakosa ushindi kwa mikimbio minne tu. Mashabiki wengi walikuwa wa India, lakini karibu na mwisho nilisikia watu waliovaa jezi za buluu wakiwashangilia wapigaji wa Ireland. Kwa nini watu hao hawakutumiwa hata ujumbe mmoja kuwajulisha mechi iliyofuata? Majina na anwani zao zilikuwepo tangu siku waliponunua tiketi.

Dada wa Stormont alijibu:

Nashangaa wanaume watatu mmejibu na hakuna aliyetaja timu ya wanawake. Testi ya kwanza ya Ireland haikuwa ile ya wanaume ya Malahide ya 2018. Ilikuwa ya wanawake, mwaka 2000, kwenye nyasi za College Park ndani ya Chuo cha Trinity, katikati kabisa ya Dublin, na walishinda. Septemba 2024 timu hiyo ya wanawake iliishinda Uingereza katika mechi ya siku moja hapa Stormont, kisha siku chache baadaye ikaishinda tena katika T20 kule Clontarf. Ushindi wa nyumbani ambao Mweka Hazina anausubiri ulishatokea mara mbili ndani ya wiki moja, na sehemu kubwa ya nchi haikujua.

Ningependa kuona tiketi moja ya mechi mbili, ya wanawake mchana na ya wanaume jioni. Watoto wangekuja na mama zao, na kwa kuwa hapa kwetu kamba ya mpaka iko hatua chache kutoka ulipokaa, mtoto anazungumza na wachezaji kama Gaby Lewis au Orla Prendergast uso kwa uso. Hilo haliwezekani Croke Park.

Na mvua, jamani. Juni 2025 mechi mbili kati ya tatu za T20 dhidi ya West Indies pale Bready zilifutwa. Mtu aliyeendesha gari saa mbili kutoka Belfast na kurudi, kisha akaona turubai tu, anahitaji kupewa sababu ya kujaribu tena, na sababu rahisi ni tiketi ya bure ya mechi inayofuata, bila kujaza fomu.

Mtazamaji wa Fingal alijibu:

Nawashukuru. Dada, umenikosoa kwa haki. Ninalotaka kulifahamu sasa ni kuhusu Abbotstown. Serikali iliidhinisha mwaka 2024 ujenzi wa kiwanja cha kudumu huko, cha watazamaji wapatao 4,000, na Ireland itaandaa Kombe la Dunia la T20 la 2030 pamoja na Uingereza na Scotland. Je, kiwanja hicho kitatatua haya tunayoyasema?

Mweka Hazina alijibu:

Kitapunguza gharama, na hilo pekee litarudisha mechi nyumbani. Idadi ya viti hainisumbui, kwa kuwa watu 4,000 waliokaa karibu karibu wana kelele kuliko 4,000 waliotawanyika mahali pa 11,000, na kwa mechi kubwa majukwaa ya muda yanaweza kuongezwa. Wasiwasi wangu ni usafiri. Mechi ya Ijumaa ikimalizika Malahide saa mbili na nusu usiku, unatembea dakika chache tu hadi kituo cha treni. Abbotstown iko kando ya barabara kuu ya M50, mahali pazuri kwa mwenye gari, lakini vijana wa ligi anaowazungumzia Fundi wengi wao hawana magari. Tungeanza kwa kuuliza mabasi ya siku ya mechi yatatoka wapi, na la mwisho litaondoka saa ngapi.