Nimeacha gari gereji siku nne, nimerudi fundi kakalia kiti changu ananiambia "karibu kiti"

Kobe wa Seronera:
Wakuu, naandika nikiwa ndani ya gari, nimeegesha pembeni ya barabara, mikono inatetemeka. Nisameheni makosa ya uandishi.

Mnamjua. Simtaji jina na hakuna haja, maana dereva gani wa utalii Arusha hii hajawahi kupeleka gari kwake? Yule mpole, mwenye sauti ya katekista, anakuita "bosi wangu" kabla hujazima injini. Huyo huyo.

Jumatatu nimempelekea Land Cruiser yangu. Kazi ndogo tu: springi ya nyuma majani mawili yamekatika (ile njia ya kutoka geti la Lodoare, Ngorongoro, hadi geti la Naabi, Serengeti, mnaijua inavyotafuna magari), shokapu mbili, oili na filta. Nikamwambia fundi, gari limejaa vifaa vya kambi, Ijumaa nina wageni wanalala kambi ya Simba, pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Akanijibu, "Bosi wangu, hapa hata sindano haipotei." Geti lipo, mlinzi yupo, mbwa yupo.

Leo saa saba mchana nimefika. Namuona chini ya mparachichi, kakunja nne kwenye kiti cha turubai cha kijani. Nikakiangalia kile kiti. Mkono wa kushoto una kiraka kimeshonwa kwa uzi mweusi. Kile kiraka nilikishona MIMI, Seronera, katikati ya Serengeti, usiku, na tochi kichwani, baada ya fisi kukitafuna. Akaniona. Hakushtuka. Hakusimama. Akavuta kiti cha pili, ambacho NACHO NI CHANGU, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akasema:

"Karibu kiti, bosi wangu."

KARIBU KITI!

Wakuu, mimi nimeshakaribishwa kiti kwenye misiba, kwenye mahari, mpaka kituo cha polisi. Kukaribishwa kwenye kiti changu mwenyewe, na mtu aliyekitoa kwenye gari langu, tena kwa tabasamu, hiyo sijawahi. Na chai aliyokuwa anakunywa ilitoka kwenye chupa yangu.

Sasa gari. Darubini hakuna. Blanketi nilikuwa nazo sita, zimebaki mbili, na moja ya hizo mbili mbwa wa gereji kalala juu yake na ananing'akia nikimsogelea. Mtungi wa gesi niliujaza Jumapili, leo ni mwepesi kama maboga makavu. Dizeli niliacha robo tatu, nimekuta taa inawaka. Chumvi wamemaliza! Kilo nzima ya chumvi kwa siku nne, mle gereji wanafuga ng'ombe? Na pale Simba ni zaidi ya mita 2,200 juu, usiku kunaganda, wageni wangu kesho nawafunika na nini? Niwafunike na ramani?

Nikamuuliza. Anasema vijana walivitoa nje visipate oili. Kiti kikatoka kisipate oili, halafu kikapata makalio yake!

Nimelipa 380,000. Nimelipa kwa sababu ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwake. Na bado sauti yake inanilia masikioni. Karibu kiti.

Mzee wa Kijenge:
Pole sana mkuu. Ila ulikaa au hukukaa?

Kobe wa Seronera:
Swali gani hilo mzee wangu? Nilikaa. Ni kiti changu.

Mzee wa Kijenge:
Basi alikukaribisha ukakaribia. Ugomvi uko wapi?

Tairi Kipara:
🤣🤣🤣 Uzi ufungwe.

Binti Lema:
Nyie mnacheka, mwenzenu ana wageni kesho. Kaka Kobe, blanketi nenda pale stendi asubuhi na mapema, kuna mitumba mizito. Darubini azima kwa dereva mwenzio. Halafu nenda polisi uchukue RB, ile namba ya taarifa yako, usiiache hivi hivi.

Spana 14:
Kosa ni lako mtoa mada. Gari linaloenda gereji linavuliwa kama mtu anayeenda kuoga. Mimi natoa mpaka mazulia. Spea tairi nalitoa, jeki natoa, mtungi wa kuzimia moto natoa, kadi ya gari hailali humo hata siku moja. Betri naipiga rangi nyekundu chini, na fundi anaona nikiipiga. Kilomita napiga picha, geji ya mafuta napiga picha. Wewe umepeleka duka zima halafu unashangaa wateja.

Kobe wa Seronera:
Spana, vifaa vya kambi vya watu wanne ukavishushe wapi, chumba cha kupanga? Na vilikuwa ndani ya masanduku, masanduku yana kufuli. Kufuli hazijavunjwa hata moja!

Spana 14:
Funguo za kufuli zilikuwa wapi?

Kobe wa Seronera:
Pamoja na ufunguo wa gari.

Spana 14:
Sina la ziada.

Tairi Kipara:
Kumbe ulimkaribisha wewe kwanza! KARIBU SANDUKU BOSI WANGU.

Mnyamwezi wa Texas:
Wadau msimwonee, hata huku Marekani ni yale yale. Mimi nina lile gari la nyumba, RV, lina kitanda, jiko na choo. Kila nikilipeleka sevisi roho iko juu. Yale masanduku ya pembeni kwenye RV nyingi yanafunguka kwa ufunguo wa aina moja, umechongwa CH751. Ufunguo wangu unafungua sanduku lako, wako unafungua la jirani. Unauzwa dukani kwa dola chache. Mwaka juzi gari limerudi kutoka kwa fundi, sanduku limefungwa vizuri kabisa, ndani hakuna drili wala fimbo za kuvulia samaki. Nimebadilisha vitasa vyote mwenyewe, na siku hizi nampa fundi ufunguo wa mlango na wa kuwashia tu, za masanduku nabaki nazo.

Mzee wa Kijenge:
Sisi tuko kwenye kiti, wewe umeshafika na choo.

Mnyamwezi wa Texas:
Nasaidia mzee.

Kobe wa Seronera:
Huyo wa Texas angalau hakukuta fundi anavua samaki kwa fimbo zake halafu anamwambia "karibu samaki". Muelewe kinachoniuma. Kuibiwa nimeshaibiwa sana. Kiti kile kikiwa wazi pale chini ya mparachichi, kila mtu anakiona, na yeye haoni aibu!

Harrier ya Mkopo:
Wewe umeibiwa kiti unalia? Mimi fundi aliniambia masega ya ekzosi, yale ya kusafisha moshi, yameziba, tuyatoe gari livute. Nikasema sawa. Limetoka linanguruma kama trekta, nikauliza masega yako wapi, akasema "takataka hizo tumetupa". Nakuja kuambiwa mle ndani kuna platinamu, paladiamu na rodiamu! Nilimlipa mtu hela ya ufundi aninyang'anye madini. Sisi wengine tumechimbwa.

Tairi Kipara:
Harrier una mgodi halafu umeununua kwa mkopo 😭

Kalamu ya Wakili:
Kisheria, ukimkabidhi fundi gari unamkabidhi na wajibu wa kulitunza kama mtu makini anavyotunza mali yake. Ipo kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Lakini mahakamani utaulizwa kilichokuwemo. Una orodha imesainiwa na fundi siku unaacha gari?

Kobe wa Seronera:
Nina kiraka! Nilikishona mwenyewe!

Kalamu ya Wakili:
Kiraka ni ushahidi. Kiti chenyewe kiko wapi sasa?

Kobe wa Seronera:
Kimoja ninacho. Kile alichokalia yeye hakunyanyuka.

Binti Lema:
Kaka!! Umeondoka amekikalia??

Mzee wa Kijenge:
Ya Rabi.

Shangazi Mkali:
Afadhali fundi gari. Mimi fundi nguo nilimpelekea kitenge cha harusi ya mdogo wangu. Siku ya harusi akasema umeme ulikatika. Jumapili iliyofuata namuona mkewe kanisani, kakaa benchi la mbele yangu, ndani ya kitenge changu, na mikono ya puto juu. Nilishindwa kusali. Misa nzima nilikuwa nasoma ile mishono.

Binti Lema:
Shangazi, huyo fundi ni wa karibu na soko? Ana cherehani mbili barazani na sentimita shingoni muda wote?

Shangazi Mkali:
Huyo huyo. Wewe ana nini chako?

Binti Lema:
Gauni la kipaimara la mwanangu. Tangu Pasaka. Mtoto anakua huko, gauni haliji.

Harrier ya Mkopo:
Mimi ana suruali zangu mbili.

Kobe wa Seronera:
Wakuu turudi kwenye mada tafadhali.

Shangazi Mkali:
Kesho saa tatu asubuhi tukutane pale kwa muuza mihogo, twende wote. Harrier, njoo na gari.